Moyo Bila Daftari

Nimechoka kuambiwa nishukuru.

Nimeambiwa hivyo na mhudumu wa mapokezi, na daktari kijana ambaye pengine tumepishana miaka minne tu, na baba mdogo, na abiria niliyekaa naye kwenye basi la Tanga. Maneno yao yanafanana kana kwamba wote wamefundishwa darasa moja: "Mshukuruni Mungu. Wangapi wanakufa kwa kukosa hiyo betri?" Ni kweli, ni wengi. Na mimi nashukuru. Bibi yangu aliwekewa betri ya moyo mwaka 2016, na bila hiyo tungekuwa tumeshamsomea hitima zamani. Lakini shukrani imegeuzwa kuwa kawa. Ukiuliza swali, unafunikwa nayo.

Swali langu lilikuwa dogo. Nilitaka kujua waya uliokuwa ndani ya moyo wa Bibi ni waya gani.

*

Kwa asiyejua, betri ya moyo si betri peke yake. Kuna kijisanduku cha chuma kinachofichwa chini ya ngozi ya kifua, karibu na bega. Kutoka humo hutoka waya mmoja, au nyaya mbili, unaopenya kwenye mshipa mkubwa wa damu chini ya mtulinga, ule mfupa unaotoka begani kuelekea shingoni. Waya huteremka ndani ya mshipa hadi ndani ya moyo, na ncha yake hushikizwa kwenye ukuta wa moyo. Moyo ukichelewa kupiga, kijisanduku hutuma umeme kidogo, mdogo kiasi kwamba kwa kawaida mtu hausikii, na moyo hupiga.

Sasa ifikirie kazi ya huo waya. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga zaidi ya mara 100,000 kwa siku. Kwa mwaka ni zaidi ya mara milioni 36. Kila pigo linaukunja waya kidogo na kuukunjua. Juu ya hayo, mgonjwa akiinua mkono, akisukuma, akivuta, mtulinga na ubavu wa kwanza vinaweza kuubana waya katikati. Chukua kipande cha waya wa kawaida ukikunje na kukikunjua kwa vidole, hutafika mbali kabla hakijakatika. Waya wa moyo umetengenezwa kwa ufundi mkubwa, umesokotwa kama springi na kuvikwa ganda la silikoni au plastiki maalumu. Hata hivyo unazeeka. Betri ikikaribia kuisha, mashine ya kliniki huona miezi kadhaa kabla, na kijisanduku hubadilishwa kwa upasuaji mdogo. Waya unaweza kukatika bila kubisha hodi, na kuubadilisha ni kazi nyingine kabisa.

Mtu wa kwanza kuwekewa kifaa hiki mwilini alikuwa Msweden, Arne Larsson, tarehe 8 Oktoba 1958, mjini Stockholm. Daktari alikuwa Åke Senning, na kifaa kilitengenezwa na mhandisi Rune Elmqvist. Kifaa cha kwanza kilikufa baada ya saa chache. Akawekewa cha pili. Larsson aliishi hadi mwaka 2001, akafa akiwa na miaka 86, na katika maisha yake alibadilishiwa vifaa zaidi ya ishirini. Watu hupenda kuisimulia habari yake kama habari ya upasuaji mmoja wa ajabu. Mimi naisoma kama habari ya mtu aliyerudi kliniki kwa miaka 43, na kila aliporudi, palikuwa na mtu anayejua ana nini ndani.

*

Bibi aliwekewa betri yake kwenye kambi. Walikuja madaktari bingwa kutoka nje, wakakaa siku tano. Palikuwa na bango kubwa, fulana, hotuba na picha. Nilikuwa sekondari wakati huo, na kwenye picha moja nimesimama nyuma ya kitanda cha Bibi nikitabasamu kama niliyefanya upasuaji mwenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji alipona, mgeni akaondoka. Bibi alibaki na kadi iliyokunjwa, ya Kiingereza, akaihifadhi kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho cha mpiga kura.

Miaka saba baadaye, mwaka 2023, alizirai akiwa kwenye mbuzi, anakuna nazi. Alizinduka akaona aibu, akaendelea kukuna. Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Nilipompigia simu kutoka chuoni alinieleza kwa sauti yake ya utani: "Mke mwenzangu, nikishika nazi tu, dunia inazimwa." Bibi ameniita mke mwenza tangu nikiwa mdogo, kwa kuwa Babu alikuwa mume wetu sote wawili. Nilicheka. Nimeshajilaumu vya kutosha kwa kicheko kile.

Kijijini walisema presha. Wengine walisema uzee. Jirani mmoja alisema upepo. Hakuna aliyesema betri, maana betri ilikuwa imekaa kimya miaka saba na sisi tukakaa kimya nayo. Kliniki alikwenda mara mbili mwaka wa kwanza, halafu nauli ikapanda na afya ikawa nzuri, tukaacha.

Tulimpeleka hospitali kubwa. Sitaitaja, maana ukiitaja hospitali moja, nyingine zote zitapumua. Walimkalisha kwenye kiti, wakaweka kifaa cha kusomea juu ya kifua, wakatazama kioo. "Betri yenu nzima, ina miaka mitatu mbele." Dakika tano. Tukashukuru. Bibi akarudi Muheza.

Baada ya wiki tatu alianguka tena, safari hii akiangukia upande wa mbele, juu ya ulimi wa mbuzi. Wenye kuijua mbuzi ya nazi wanajua ule ulimi wa chuma una meno. Alishonwa nyuzi tano kwenye paji la uso, sentimita mbili juu ya jicho.

Tuliporudi hospitali, safari hii alikuwepo muuguzi wa makamo ambaye hakuanza na mashine. Alianza na mgonjwa. "Mama, unapoanguka huwa unafanya nini?"

"Nakuna nazi."

"Kila mara?"

"Mara moja nilikuwa nafua."

Muuguzi alinyamaza kidogo. Kisha akamwomba mtaalamu wa mashine aendelee kusoma huku Bibi akisukuma na kuvuta mkono wa kushoto, kama anayekuna. Bibi akaanza. Kwenye kioo ile mistari ya mapigo ikakatika, pakawa tambarare, na namba inayopima ukinzani wa umeme ikaruka juu. Macho ya Bibi yakaanza kupotea. "Acha, Mama, acha mkono!" Mistari ikarudi. Pale chumbani hakuna aliyesema neno kwa muda. Picha ya eksirei ilionyesha kile tulichokwisha kukijua: waya ulikuwa umevunjika chini ya mtulinga. Ncha mbili zilikuwa zikigusana na kuachana kwa jinsi mkono ulivyokwenda.

Nimelifikiria sana lile jibu la kwanza, "betri yenu nzima". Halikuwa uongo. Waliulizwa habari ya betri wakajibu habari ya betri. Sisi sote, wagonjwa, wauguzi, madaktari, wanahabari, tumekiita kifaa kizima kwa jina la betri, na kwa kukiita hivyo tumeusahau waya. Ni kama mtu analalamika kwamba taa haiwaki, wewe unampima kama ana salio la luku.

*

Hapo ndipo linapokuja suala la kutoa au kuacha, na hapa nataka kutenda haki kwa madaktari, kwa sababu ubishi usio na haki ni kelele tu.

Waya uliokaa mwilini miaka saba hautoki kama uzi kwenye sindano. Mwili unauzungushia kovu, kovu linaushika kwenye mshipa na kwenye ukuta wa moyo kama mzizi unavyoshika mwamba. Ukiuvuta kwa nguvu unaweza kuchana mshipa mkubwa au moyo wenyewe, na mgonjwa akafa mezani kwa dakika chache. Wanaoifanya kazi hii hupitisha mirija maalumu juu ya waya, mingine ikitumia mwanga wa leza, wakilikata kovu kidogo kidogo, huku wapasuaji wa kifua wakiwa tayari. Kukiwa na maambukizi kwenye kifaa, ushauri wa kitabibu ni kutoa vyote, kwa kuwa vijidudu vilivyojishikiza kwenye waya haviishi kwa dawa peke yake. Bila maambukizi, kuna hiari. Unaweza kuutoa. Au unaweza kuufunga kizibo kwenye ncha ya juu, ukauacha humo humo, na kupitisha mwingine mpya pembeni yake.

Dunia ilijifunza hili kwa machungu. Mwaka 1994 kampuni ya Telectronics iliita tena nyaya zake za Accufix, baada ya kubainika kwamba kijiti cha chuma kilichoupa waya umbo lake kingeweza kuvunjika, kikachomoza na kutoboa moyo. Madaktari wengi walikimbilia kuzitoa. Baadaye ikaonekana kwamba kwa wagonjwa wengi hatari ya kuutoa ilizidi hatari ya kuuacha. Wapo waliokufa kwa kuokolewa. Kwa hiyo daktari aliyesema waya wa Bibi uachwe, mama wa miaka 71 asiye na maambukizi, alisema jambo la busara, na mimi sina ugomvi naye kwa hilo.

Ugomvi wangu ni huu: kuacha nako kuna bei, na bei hiyo hakuna aliyemtajia mwenye moyo. Waya wa pili unajaza nafasi kwenye mshipa, na siku ukihitajika wa tatu huenda njia imeziba. Yakija maambukizi miaka ijayo, zitatakiwa kutolewa nyaya mbili, moja ikiwa kuukuu zaidi ya ilivyo leo. Vipimo vya MRI, ambavyo kwa betri nyingi za kisasa vinaruhusiwa, mara nyingi hukataliwa kwa mtu mwenye waya ulioachwa. Haya yote yanaweza kuwa bei nafuu. Huenda Bibi angekubali bila kusita. Lakini aliambiwa tu, "Tutakuwekea mwingine, Bibi, utapona," akapewa fomu ya Kiingereza aisaini.

Bibi anajua kusoma. Alijifunza kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima miaka ya 1970, chini ya mwembe, na mtoto mgongoni. Anasoma gazeti kuanzia ukurasa wa kwanza hadi vifo. Nchi hii ilimfundisha mwanamke yule kusoma Kiswahili, halafu siku ya kuamua habari ya moyo wake mwenyewe ikampa karatasi asiyoweza kuisoma. Alisaini kwa mwandiko wake mzuri wa kulala. Aliponirudishia kalamu aliuliza jambo moja: "Kwa hiyo nitazikwa na waya mbovu?"

Daktari alikuwa ameshatoka.

*

Kabla ya upasuaji daktari alihitaji kujua waya wa kwanza ni wa aina gani. Umeshikizwa ukutani kwa skrubu au kwa vijipembe laini? Upo kwenye orodha ya nyaya zilizotangazwa kuwa na kasoro? Tuliitoa kadi. Jina la mgonjwa lilikuwepo. Tarehe, ilikuwepo. Namba ya kijisanduku, ilikuwepo. Kwenye mstari wa waya palikuwa na kistari kifupi, kilichopigwa kwa kalamu na mtu mwenye haraka.

Hapa ilibidi nicheke, maana mimi nasoma shahada ya uzamili ya utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka. Nikasema: hili ni la kwangu. Nikaenda masjala ya hospitali ile kambi ilikofanyika. Faili la Bibi halikuonekana. Mzee wa masjala alinisaidia kwa moyo mmoja, tukafungua hadi makabati ya koridoni. Mwishowe akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba wale wageni walikuja na daftari lao na wakaondoka nalo. Niliwaandikia barua pepe tatu. Sikujibiwa.

Muhula ule ule nilikuwa naandika kazi ya darasani kuhusu nyaraka za utawala wa Wajerumani zilizohifadhiwa na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Ni mafaili ya zaidi ya miaka mia moja. Yameorodheshwa, yana namba, ukifuata utaratibu yanaletwa mezani. Ninaweza kusoma leo alichoandika karani wa Kijerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Siwezi kusoma kilichowekwa ndani ya kifua cha bibi yangu miaka saba iliyopita.

Kisha nikaonyeshwa kitu ambacho kimenikosesha usingizi kuliko vyote. Mtunza stoo wa hospitali alifungua boksi la waya mpya ili nione. Ndani yake, pamoja na maelekezo, kulikuwa na karatasi ya stika ndogo ndogo, kila moja ikiwa imechapwa aina ya waya na namba yake ya pekee. Zimewekwa humo kwa makusudi hayo hayo: moja ibandikwe kwenye faili, moja kwenye kadi ya mgonjwa, moja kwenye daftari la hospitali. Hazinunuliwi. Kubandika moja ni kazi ya sekunde chache. Mwaka 2016, stika za waya wa Bibi zilikwenda shimo la taka pamoja na boksi lake.

Laini ya simu ya Bibi imesajiliwa kwa alama za vidole. Tulimpeleka mwenyewe, kabla ya zile laini zisizosajiliwa kuanza kufungwa Januari 2020. Pikipiki ya baba mdogo ina namba ya chesisi. Ng'ombe wa jirani wamevishwa hereni zenye namba. Waya uliofungwa kwenye moyo wa mwanadamu ndio pekee ulioingia bila jina.

*

Wapo watakaosema hizi ni anasa za watu walioshiba. Wacha niwaonyeshe namba inafanya kazi gani.

Oktoba 2007 kampuni ya Medtronic ilisimamisha uuzaji wa nyaya zake za Sprint Fidelis, kwa kuwa zilikuwa zinavunjika kuliko ilivyotarajiwa. Zilikuwa nyaya za vifaa vya kuushtua moyo, si za betri kama ya Bibi, lakini funzo ni moja. Zilikuwa zimeshawekwa kwa watu takriban 268,000 duniani. Mwaka 2011 ikafuata habari ya nyaya za Riata za kampuni ya St. Jude, ambazo waya wa ndani ulikuwa ukitoboa ganda lake na kutokeza nje. Marekani, nyaya za moyo ni miongoni mwa vifaa ambavyo sheria inamtaka mtengenezaji avifuatilie hadi kwa mgonjwa. Denmark imekuwa na rejista ya taifa ya betri za moyo tangu miaka ya 1980. Ikitokea kasoro, hospitali inaweza kutafuta waya kwa namba, ikampata mtu, ikampigia simu aje kupimwa.

Sasa fikiri kampuni yoyote ikitangaza kesho kwamba nyaya zake za mwaka 2016 zina kasoro. Nani atapiga simu Muheza? Atampigia nani? Taarifa kwa Bibi yangu ilikuja kwa njia pekee iliyobaki: aliangukia ulimi wa mbuzi.

Wanasema nchi ni maskini, tuanze kwanza na kuokoa maisha. Kwani mimi nimeomba nini? Nimeomba kaunta buku na mtu wa kuiandika. Umaskini unaweza kueleza kwa nini hatuna mashine ya leza. Hauelezi stika kwenye shimo la taka. Waswahili walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na walisema hivyo kuhusu vitu vya dukani.

Wanasema tukiwabana wageni hawatakuja tena. Hoja hii inanitia aibu kuliko zote, kwa sababu inamfanya mgonjwa kuwa mwombaji anayeogopa kuhesabu sadaka mbele ya mtoaji. Na si kweli kwamba msaada haupatani na hesabu. Upo utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Michigan, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2024. Vijisanduku vilivyotolewa kwa marehemu vilisafishwa, vikapimwa na kuwekewa wagonjwa wa nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, kila mmoja akipewa waya mpya, kisha wagonjwa wakafuatiliwa na kuhesabiwa. Kama kijisanduku cha marehemu kinaweza kufuatiliwa hivyo, waya mpya wa Bibi yangu ulishindwa nini?

Wanasema siku hizi kuna betri ndogo zisizo na waya kabisa, zinazokaa ndani ya moyo wenyewe. Zipo, na nafurahi zipo. Zikifika Muheza nazo zitakuwa na namba, na mtu atatakiwa kuiandika.

Na wanasema mimi si daktari. Hilo nakubali. Ila hakuna palipohitaji daktari katika kosa hili. Hili ni kosa la makarani, la mameneja, la waandaaji wa kambi, la kamati zinazopitisha fedha za bango na kusahau fedha za daftari. Ni la kwetu pia, sisi wajukuu tuliosoma, tuliopiga picha nyuma ya kitanda na tusiulize lolote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuzijua taarifa zake zinazoshikiliwa na wengine. Ni sheria nzuri. Lakini huwezi kudai nakala ya kitu ambacho hakikuandikwa.

Kwa hiyo nadai mambo manne, na yote yanawezekana. Stika ya kila waya ibandikwe kwenye kadi, kwenye faili na kwenye daftari linalobaki nchini, au kambi isifunguliwe. Kadi na fomu ya ridhaa ziandikwe kwa Kiswahili, kwa mgonjwa na si kwa mkaguzi. Kila betri inayowekwa iwekewe na fungu la kuifuatilia, nauli ya kliniki ikiwa ndani yake, maana betri isiyofuatiliwa ni saa ya ukutani. Na ijulikane mapema, kabla ya siku ya maambukizi, mgonjwa anayelazimika kutolewa waya anapelekwa wapi na nani analipa.

*

Bibi alifanyiwa upasuaji. Waya mpya ulipita pembeni ya ule wa zamani, na mshipa ulikuwa bado wazi. Siku ya kuruhusiwa tuliletewa kadi mpya. Nikaisoma nikiwa nimesimama. Namba ya kijisanduku, ipo. Kwenye mstari wa waya, kistari.

Nilisema hatuondoki. Nilisema kwa heshima, lakini nilikaa kitandani kwa Bibi na mkoba wangu mapajani. Daktari wa zamu alitazama saa. Alikuwa yule yule muuguzi wa makamo aliyetoka bila kusema neno, akarudi na stika. Alikuwa ameitoa kwenye boksi siku ya upasuaji na kuibandika nyuma ya daftari lake mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimeshamsumbua nayo. Aliibandua taratibu kwa ukucha, akaibandika kwenye kadi, akaibana kwa kidole gumba.

Chini yake, kwa kalamu, nilimwomba aandike kwa Kiswahili habari ya waya wa kwanza. Bibi alichukua kadi, akavaa miwani, akasoma kwa sauti wodi nzima ikisikia: "Waya wa mwaka 2016. Umevunjika. Umeachwa ndani. Aina haijulikani."

Akanitazama juu ya miwani. "Haijulikani. Na wewe mke mwenzangu, hicho chuo unasomea nini?"

Kama nyumbani kwenu yuko mwenye betri ya moyo, leo jioni muombe kadi yake. Usiangalie tarehe ya betri. Tafuta mstari wa waya. Ukikuta kistari, usianze na kushukuru. Anza na kuuliza, na usiondoke.